Asomaye kwa Taabu

Ndugu zetu Waislamu, huko Lorugum, magharibi ya Lodwar, kama hapa kwetu pwani, wamo watoto ambao herufi huwachanganyikia: ba huiona ta. Wataalamu huliita jambo hili disleksia. Si uvivu wala si upungufu wa akili. Nasi walimu tumewapiga wangapi, tukawaita wajinga, wakakimbia chuo wasirudi! Ilhali Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, kuwa asomaye Qur'ani kwa kubabaika na taabu ana thawabu mbili. Aliyeahidiwa thawabu mbili, sisi twampa bakora? Nabii Musa (a.s.) alikuwa na fundo la ulimi, akasaidiwa na nduguye Harun, akamkabili Firauni. Basi tuwasomeshe polepole, kwa kusikiliza na kukariri, na tuliowavunja moyo tuwatake radhi.