Ndera, Kinga Iko Mikononi Mwetu

Ndugu zangu wa Ndera, sisi ni watu wa mto. Tana ikianza kuvimba, hakuna anayengoja maji yamkute kitandani. Wazee na watoto huvushwa kwanza, chakula kikapakiwa mtumbwini, mifugo ikasogezwa miinukoni. Hakuna anayesema, “Hayo hayanihusu.” Basi na ugonjwa unaosafiri kwa pumzi tuukabili kwa wepesi uo huo: mapema, na kwa pamoja.

Tunakumbuka. Tarehe 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Shule zikafungwa, misikiti ikafungwa, kafyu ikaingia. Na mwaka uo huo mto ukafurika. Nchi nzima ikihimizwa kuepuka msongamano, jamaa zetu waliohama makwao walilala wakibanana. Mafuriko yalirudi mwishoni mwa 2023, yakarudi tena Aprili 2024. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya korona imekwisha. Iliyokwisha ni dharura. Virusi vyenyewe vipo, na mafua makali na surua navyo huenea vivyo hivyo.

Mvua ikikata barabara, hospitali ya Hola huwa mbali mno. Mgonjwa anayehitaji oksijeni hawezi kungoja matope yakauke. Kwa hiyo hospitali yetu ya kwanza ni nyumba zetu, na kazi yake tunaiweza.

Tuanze na mikono. Twaa mtungi wa plastiki wa lita 5, utoboe tundu dogo karibu na mdomo, uutie maji, uutundike kwenye ufito uliolazwa juu ya nguzo mbili. Funga kamba shingoni mwa mtungi, uishushe hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, kisha ning’iniza kipande cha sabuni kando. Ukikanyaga, maji yanachirizika, wala hushiki chochote. Hicho ndicho kibuyu chirizi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kukitengeneza kabla ya adhuhuri. Udhu tayari tunautia mara tano kwa siku. Tuongeze sabuni, tusugue kwa sekunde 20: kabla ya kula, baada ya kupenga kamasi, baada ya kumhudumia mgonjwa.

Sasa hewa. Virusi vya aina hii huelea ndani ya chumba kilichofungwa. Penye upepo hutawanyika. Upepo tunao, na kivuli cha mwembe tunacho. Baraza lifanyike nje. Darasani na madrasani madirisha yawe wazi. Kwenye hema la mafuriko, pandisha pembe zake mchana hewa ipite.

Mwenye kikohozi akohoe kwenye kiwiko, avae barakoa akiwa karibu na watu, abaki nyumbani, alale peke yake inapowezekana. Kikombe chake kiwe chake. Najua kwetu kupeana mikono ni mapenzi. Lakini ukiwa na mafua, kumwekea mzee mkono wako kifuani pako ni salamu kamili na heshima iliyotimia. Na mtoto apelekwe chanjo ya surua akifika miezi 9, arudishwe akifika miezi 18. Ukimwona anahema kwa shida, mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kesho: mkimbize zahanati.

Wazee wa Gasa, baraza letu la wazee, neno lenu lina uzito; litoeni. Maimamu, lisemeni Ijumaa. Walimu, kifanyeni kibuyu chirizi kiwe kazi ya mikono shuleni. Vijana wa bodaboda, ninyi mnafika kila kijiji. Fikisheni na habari hii, nyuso zenu zikiwa na barakoa mnapombeba mgonjwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini. Mmoja wao akibisha hodi kwako, mkaribishe, muulize, umsikilize.

Hakuna katika haya linalosubiri bajeti ya kaunti. Mtungi upo. Kamba ipo. Mwembe upo. Kilichobaki ni azma yetu. Leo hii, kabla ya Magharibi, kila nyumba itundike kibuyu chake, kisha aliyemaliza avuke kwa jirani amsaidie kutundika cha kwake. Simama, Ndera! Anza na mlango wako.