Utii wa Kadeti na Mipaka ya Dhamiri

Mafunzo ya ukadeti katika shule za sekondari za Marekani, yanayojulikana kwa kifupi chake JROTC, ni somo linalofundishwa ndani ya ratiba ya shule pamoja na hesabu na historia. Chimbuko lake ni Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1916, iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson wakati Ulaya ikiwaka moto wa vita. Sheria nyingine ya mwaka 1964 iliupanua mpango huo ukahusisha matawi mengine ya jeshi. Wanaojiunga ni vijana wa miaka 14 hadi 18. Leo ni takriban nusu milioni, katika shule zaidi ya 3,000. Walimu wao kwa kawaida ni maofisa na masajenti wastaafu, ambao mishahara yao hugharimiwa kwa pamoja na jeshi na mamlaka ya shule.

Kadeti huvaa sare, mara nyingi siku moja kwa wiki, na siku hiyo hukaguliwa tangu nywele hadi viatu. Hufundishwa kwata, saluti, kusoma ramani, huduma ya kwanza, uraia, kuzungumza mbele ya watu na kuongoza kikundi. Baadhi ya shule zina timu za kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Anayefanya vizuri hupanda cheo, hivyo kijana wa miaka 16 anaweza kusimama mbele ya wenzake na kuwaamuru mguu sawa, mguu pande. Akihitimu hadaiwi utumishi wowote jeshini, ingawa akiamua kuingia, miaka yake ya ukadeti inaweza kumpa daraja la mshahara la juu kuliko kuruti wa kawaida. Kwa hilo mpango huu unatofautiana na Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1963, ambalo huwachukua kwa mujibu wa sheria vijana waliokwisha kumaliza kidato cha sita na kuwapeleka kambini. Mmarekani wa miaka 14 hapelekwi kambini. Anapiga kwata saa tatu, na saa nne yumo darasani akijadili katiba.

Shabaha ya mpango, kama sheria inavyoitaja, ni kumjengea kijana thamani za uraia, moyo wa kulitumikia taifa na uwajibikaji wake binafsi. Hapo ndipo swali la kifalsafa linapozaliwa, na dini nazo zimelijua kwa muda mrefu. Je, mtu anaweza kuwa mwadilifu kwa njia ya kutii amri? Na utii huo ukomee wapi?

Hoja ya kwanza ya kuutetea ukadeti ni ya Aristotle. Katika kitabu chake cha maadili kwa Nicomachus anafundisha kwamba tabia njema hailetwi na mahubiri. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, na huwa jasiri kwa kutenda ujasiri, tena na tena, tangu utotoni. Anayewahi kila siku, anayejifunza kutulia anapokaripiwa, anayemngoja mwenzake aliyechelewa hatua, anajenga kitu ambacho hotuba za asubuhi mstarini haziwezi kukijenga. Katika kitabu cha siasa Aristotle anaongeza kwamba hawezi kuongoza vema asiyejua kuongozwa. Wazo hilohilo limo katika Injili ya Mathayo, sura ya 8, ambamo akida wa Kirumi anamweleza Yesu kwamba yeye mwenyewe yuko chini ya mamlaka na ana askari chini yake, na kwa sababu hiyo anaelewa nguvu ya neno linalotamkwa na mwenye mamlaka. Yesu anaistaajabia imani yake; hamkemei kwa kazi yake.

Lakini Aristotle huyohuyo aliweka masharti ambayo watetezi wa ukadeti mara nyingi huyaruka. Tendo halihesabiwi kuwa la uadilifu kwa sura yake tu. Mtendaji lazima ajue anachofanya, akichague kwa ajili ya wema wake, na akifanye kutokana na tabia iliyokwisha kuimarika. Kwata inatimiza sharti la tatu peke yake. Imebuniwa ili mwili uitike sauti kabla akili haijauliza, kwa sababu katika mapigano anayesita hufa na huua wenzake. Ni ufundi wenye maana yake mahali pake. Hata hivyo uimara usio na ujuzi wala uchaguzi ni chombo kitupu. Kinaweza kujazwa wema au uovu. Aristotle aliona mfano huo kwa Wasparta, ambao aliwalaumu kwamba kwa kuwakomaza watoto wao kwa mazoezi makali waliwafanya wawe kama wanyama, wakidhani wanawafanya mashujaa.

Tukio moja linaonyesha jambo hili kwa uchungu. Tarehe 14 Februari 2018, katika Shule ya Sekondari ya Marjory Stoneman Douglas, mjini Parkland, Florida, watu 17 waliuawa kwa risasi. Watatu kati yao walikuwa kadeti. Mmoja wao, Peter Wang, mwenye miaka 15, alikuwa amevaa sare yake na akauawa akiwa ameushikilia mlango ili wenzake watoke. Jeshi lilimtunukia nishani ya ushujaa, na chuo cha maofisa cha West Point, alikotamani kusoma, kikamkubali baada ya kifo chake. Aliyefyatua risasi naye alikuwa amepitia mpango huohuo katika shule hiyohiyo, na alikuwa katika timu yake ya kulenga shabaha. Haitakuwa haki kuyabebesha mafunzo lawama ya muuaji. Basi haitakuwa haki pia kuyapa sifa yote ya Wang. Nidhamu moja ilipita kwa vijana wawili, na kilichowatenganisha kilitoka mahali ambapo kwata haifiki: malezi, moyo, na uhuru wa mtu kuchagua.

Swali la pili, la mpaka wa utii, ndilo zito zaidi. Methali ya Kiswahili inaonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa mtoto ni onyo la hekima. Ila methali haisemi chochote kuhusu mkuu anayekosea. Mapokeo ya Uislamu yanasema. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad alituma kikosi chini ya amiri mmoja na kuwaagiza watu wamtii. Njiani amiri alikasirika, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha waingie ndani yake. Walisita, wakaambizana kwamba wao walimkimbilia Mtume kwa kuukimbia Moto. Walipokuwa katika hali hiyo moto ukazimika na hasira ya amiri ikatulia. Mtume alipopata habari alisema kwamba lau wangeingia wasingetoka humo kamwe, kwa kuwa utii unadaiwa katika mema tu. Uzito wa kisa hiki uko katika kwamba amiri alikuwa amewekwa kihalali, na watu walikuwa wameagizwa wamtii. Uhalali wa cheo haukuihalalisha amri.

Ukristo una shahidi wake kutoka Afrika. Mwaka 295, huko Tebessa, katika Algeria ya leo, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilian aliletwa mbele ya liwali wa Kirumi aandikishwe jeshini, kwa sababu baba yake alikuwa na uhusiano na jeshi. Akakataa kwa hoja kwamba yeye ni Mkristo. Liwali alimkumbusha kwamba wapo Wakristo wanaotumikia katika walinzi wa wafalme. Maximilian akajibu kwamba hao wanajua linalowafaa. Aliuawa kwa upanga. Jibu lake linastahili kuzingatiwa kwa sababu halikuwahukumu wenzake. Tangu zamani, basi, Wakristo walitofautiana katika jambo hili, na bado wanatofautiana. Wakweka na Wamenno hukataa silaha kabisa, ilhali Kanisa Katoliki na makanisa mengi ya Kiprotestanti hukubali utumishi wa jeshi na pia huheshimu anayeukataa kwa dhamiri.

Sheria ya jeshi lenyewe imeukubali mpaka huu. Askari wa Marekani anawajibika kutii amri halali, na neno halali ndilo linalobeba mzigo wote. Tarehe 16 Machi 1968 askari wa Marekani waliwaua mamia ya raia katika kijiji cha My Lai, Vietnam. Luteni William Calley, mmoja wa maofisa wao, alijitetea kwamba alitekeleza amri. Mwaka 1971 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani. Siku ileile rubani wa helikopta Hugh Thompson alitua kati ya askari wenzake na wanakijiji waliokuwa wakikimbia, akawaagiza watu wake wawafyatulie risasi Wamarekani hao iwapo wangewashambulia raia. Thompson alikuwa askari mwenye nidhamu sawasawa na Calley. Alichokuwa nacho zaidi ni jicho lililoendelea kuona wakati amri zinatolewa. Jicho hilo ndilo somo ambalo mafunzo ya kadeti yana wajibu wa kwanza kulitoa, na si haki lisubiri mpaka kijana awe askari kamili. Anayefundishwa kutii akiwa na miaka 14 afundishwe mwaka huohuo ni amri ipi haitiiwi.

Kuwekwa ndani ya shule kunaupa mpango huu nafasi ambayo kambi haina. Mwaka 1784, katika insha yake juu ya kuelimika, Immanuel Kant aliandika kuhusu ofisa anayetaka watu wapige kwata badala ya kujadili. Alikubali kwamba ofisa aliye kazini hutii. Alishikilia kwamba mtu huyohuyo, mbele ya umma wa wasomaji, awe huru kuichambua kazi hiyo. Kadeti anavuka kutoka hali moja kwenda nyingine kwa kuhama chumba. Mwalimu wa historia akiwa na uhuru wa kufundisha My Lai, na mwalimu wa kwata akawa tayari kuulizwa juu yake, utii na akili hulelewa pamoja. Shule ambayo walimu hao wawili hawazungumzi inampa mtoto nusu ya elimu.

Swali lililobaki ni la hiari ya mwanafunzi. Sheria inataka kila kikosi kiwe na angalau wanafunzi 100, au asilimia 10 ya wanafunzi wa shule, kwa kutegemea idadi ipi ni ndogo. Shule inayokaribia kupungukiwa ina kishawishi cha kujaza nafasi. Mwaka 2022 uchunguzi wa gazeti la The New York Times ulionyesha kwamba kuna shule zilizokuwa zikiwaandikisha wanafunzi wapya moja kwa moja bila wao kuomba, hasa katika maeneo ya watu wa kipato cha chini. Kwa kipimo cha Aristotle jambo hili linaubomoa mpango kwenye msingi wake, kwani aliyekuta jina lake kwenye orodha hajachagua, na bila uchaguzi hakuna uadilifu unaojengwa.

Mahakama za Marekani zilisitasita juu ya jambo hili. Mwaka 1934 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Chuo Kikuu cha California kiliweza kuwalazimisha mafunzo ya kijeshi hata wanafunzi Wamethodisti walioyapinga kwa imani. Mwaka 1943, katika shauri la watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, mahakama hiyohiyo ilizuia shule kuwalazimisha wanafunzi kuisalimu bendera. Kwa ukadeti wa sekondari hasa, uamuzi ulitoka mwaka 1972. Shule moja ya Memphis, Tennessee, ilimtaka kila mvulana asome mazoezi ya viungo au ukadeti, na mazoezi ya viungo haikuyafundisha. Mwanafunzi aliyekataa ukadeti kwa sababu ya dini yake alinyimwa cheti, na mahakama ya rufaa ikaamua kwamba shule haikuwa na haki ya kumfanya achague kati ya imani yake na cheti hicho.