Ulikuwa Unakimbilia Wapi?

Kila siku saa saba mchana, kabla sijafungua mkebe wangu wa chakula, nafungua kivinjari na kucheza gemu ya pikipiki. Inaitwa Moto X3M. Hupakui kitu, hulipi. Mshale wa juu unaongeza moto, wa chini ni breki, wa kushoto na wa kulia unamwinamisha dereva. Ni hayo tu. Mbele kuna vilima, misumari, misumeno inayozunguka. Ukipiga sarakasi hewani ukatua salama, unapunguziwa muda. Ukianguka, dereva anarushwa kama mwanasesere wa matambara, na papo hapo uko tena kwenye kituo cha mwisho ulichopita, mzima kabisa.

Mwenzangu kazini aliniuliza mtu mzima anapata raha gani hapo. Nikasema napitisha muda tu. Lilikuwa jibu la uvivu. Nimelifikiria baadaye, na nadhani ninachopenda ni haki.

Kwenye gemu, kilima kiko palepale kila mara. Msumeno unazunguka vilevile. Hakuna matatu ya kukuchomekea, hakuna mvua ya ghafla. Ukianguka mara kumi mahali pamoja, kosa ni lako mara zote kumi: ulichelewa kushika breki, au uliinama mapema. Rekebisha, utapita. Hebu niambie ni wapi pengine mjini juhudi inalipwa hivyo. Umetuma maombi mangapi ya kazi, na ni wangapi waliokuambia ulikosea wapi?

Shida ni kwamba sheria hii nimeibeba hadi nje.

Mdogo wangu anaendesha nduthi, ile ya kweli. Mwaka jana alianguka jioni moja akavunjika mguu. Nilipofika wodini, kabla ya kumpa pole, kabla hata ya kuketi, nilimwuliza: "Kwani ulikuwa unakimbilia wapi?"

Akaniangalia kwa muda. "Nilikuwa naenda polepole, brathe. Kulikuwa na mafuta yamemwagika kwa ile kona ya chini."

Sikuwa nimeona ajali. Sikujua lolote kuhusu barabara, mwendo wala taa. Lakini hukumu nilikuwa nayo tayari: aliyeanguka ndiye aliyekosea.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika mwaka 1976 kuhusu nafasi ya bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva wa lori aliyezembea kukagua breki zake. Mtoto akikatiza mbele yake, atalaumiwa, na atajilaumu, maisha yake yote. Dereva mwingine, mwenye uzembe uleule, asipokutana na mtoto anafika nyumbani na kula chakula chake. Kosa ni moja, ila lawama haziko sawa hata kidogo.

Sisi na watu wa boda tumezidi hapo. Hata asiyezembea, tunamtafutia uzembe ili hesabu ikubali. Na nadhani najua kwa nini. Kama mdogo wangu alianguka kwa sababu ya kukimbia, basi mimi nisiyekimbia niko salama. Lakini kama alianguka kwa sababu ya mafuta tu, basi leo jioni, nikipanda nduthi kwenda nyumbani, ni zamu ya yeyote. Ile lawama nilimtupia kitandani ilikuwa hofu yangu mwenyewe.

Sisemi hakuna wenye makosa. Wapo wanaopita njia isiyo yao, wanaokata taa nyekundu, wanaobeba abiria watatu bila helmeti. Hao waambiwe, na kwa sauti. Lakini lawama inafaa ingoje ushahidi. Aliyeanguka anastahili kwanza pole, kisha maswali kuhusu barabara: nani alimwaga, nani alipaswa kusafisha, taa ya kona ilizimika lini?

Alipotoka hospitalini alikaa kwangu miezi miwili. Siku moja nikampa laptopu, mguu wake uko juu ya stuli. Alianguka, akaanguka tena kwenye msumeno uleule, huku akicheka hadi machozi. Mwishowe akapita.

"Hii yako ni tamu," akasema. "Nikianguka najua ni mimi."

Kisha akauliza, macho bado yako kwa skrini, kama yale mafuta pale kwa kona yaliwahi kumwagiwa mchanga.

Nilishindwa kumjibu. Napita hapo kila siku, asubuhi na jioni, na sikuwa nimeangalia.