Hukumu ya Mwenye Kununua Motokaa Mpya Ikatokea na Aibu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha riba. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kuwa dini haikai msikitini peke yake. Hufuatana na mtu hata sokoni, na huko ndiko inakotambulikana. Katika mambo yanayowafika watu zama hizi ni haya: mtu hukusanya akiba ya miaka, akanunua motokaa mpya kwa ajili ya kazi yake, na kabla haujapita mwezi injini ikafa njiani. Amrudiapo aliyemwuzia huambiwa, "Ngoja itengenezwe." Ikatengenezwa, ikafa tena. Basi mtu huyu ana njia tatu mbele yake: anyamaze, au adai haki yake, au amwuzie mwenziwe naye amfiche. Yampasa ajue hukumu kabla ya kushika njia.

Kwanza, aibu ni nini? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj kwamba aibu ni kila lipunguzalo kitu chenyewe au thamani yake hata makusudio yake mema yakakosekana, hali vitu vya jinsi ile kwa kawaida huwa vimesalimika nalo. Injini izimikayo na breki zisizoshika ni aibu bila shaka. Ama upungufu mdogo ulio katika motokaa zote za namna ile, huo si aibu. Na sharti iwe imekuwako kabla ya mnunuzi kuipokea, au imetokea baadaye lakini asili yake ni ya kabla, kama chuma kilichopasuka tangu kiwandani kikavunjika barabarani.

Pili, ikithubutu aibu, mnunuzi ana hiari: airudishe apewe thamani yake yote, au aridhike nayo. Lakini hiari hii katika madhehebu ya Imam Shafi ni ya papo hapo. Halazimishwi kukimbia, akijua usiku hungoja asubuhi, na akiwa katika sala au chakula humaliza. Ila asiendelee kuitumia. Mwenye kujua aibu kisha akaendelea kubeba abiria wiki nzima, amekwisha kuridhika, na haki yake ya kurudisha imeanguka. Kuiendesha kwa kuirudisha, ikiwa kuivuta ni taabu, hakumdhuru. Wanavyuoni wamesema hivyo juu ya mnyama wa kupandwa. Mwuzaji akiwa hayupo, aende kwa hakimu, na ashuhudize watu. Asiyejua kwamba yapasa kuharakisha ana udhuru. Aliyekwisha kusoma hana.

Tatu, je, mwuzaji adai ujira wa siku zilizotumika kabla aibu haijajulikana? La. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu faida ya kitu iwe ya yule ambaye kingalipotea ni hasara yake.

Nne, motokaa ikipatwa na aibu nyingine mkononi mwa mnunuzi, kama kugongwa, hawezi kumlazimisha mwuzaji aipokee. Mwuzaji akikubali kuichukua hivyo ilivyo, basi. Asipokubali, watapatana: ama mnunuzi arudishe pamoja na fidia ya aibu mpya, ama aizuie apewe fidia ya ile ya kale. Hesabu yake ni hii: nzima ingalikuwa thamani yake shilingi 2,000,000, na kwa aibu ni 1,800,000, imepungua fungu la kumi. Ikiwa ilinunuliwa kwa 1,900,000, atarudishiwa 190,000.

Tano, mwuzaji akiandika katika hati kwamba hana dhamana ya aibu yo yote, maandishi hayo hayamwokoi. Sharti hilo humwepusha na aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua. Na motokaa si mnyama.

Wala mtu asidhani kudai ni utovu wa subira. Mahakama za Kadhi katika Kenya hazisikilizi kesi za biashara. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Lakini kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa mnunuzi haki ya kupata kitu chema na kulipwa hasara yake, ikafuata Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Uingereza nako, sheria ya mwaka 2015 imempa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu chenye ila. Zikipita, mwuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na kisipofaa hurudishwa. Tofauti ni kwamba wao huruhusu kukata ujira wa matumizi ya motokaa katika marejesho hayo ya baadaye. Basi mwenye haki na ashike hati zake, aandike siku ya kila uharibifu, na asikubali kungoja matengenezo kwa maneno matupu. Kunyamaza na kutumia huenda kukahesabiwa ni ridhaa.

Imebaki njia ya tatu, nayo ndiyo ya kuogopwa. Aliyedanganywa huona amepata ruhusa ya kudanganya: huipaka rangi, huiosha injini, akamwuzia nduguye aliyemwamini. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kutoudhihirisha, akasema mwenye kughushi si katika wao. Wala hakuuliza kama naye alighushiwa. Aliyedhulumiwa leo ni mdai mbele ya Mungu. Akiuza kwa kuficha, kesho ni mdaiwa. Na aieleze aibu, auze kwa thamani yake hiyo. Pungufu la halali lina baraka kuliko ziada ya haramu.

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako, na utuepushe na haramu yako. Amin.