Maili za Ndege na Hukumu ya Amana

Mtu anaposafiri kwa ndege kwa nauli iliyolipwa na mwajiri wake, kisha shirika la ndege likamwandikia maili, yaani alama ambazo msafiri hulimbikiza na baadaye kuzibadilisha kuwa tiketi, huzuka swali ambalo kwa nje ni la kibiashara lakini kwa undani wake ni la dhamiri: alama hizo ni mali ya nani, ya aliyekaa kwenye kiti au ya aliyekilipia?

Uzito wa swali hili umeongezeka kwa sababu ya miungano ya mashirika ya ndege. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944, haki ya kubeba abiria kati ya nchi na nchi hutolewa na serikali zenyewe, na nchi nyingi zimeweka kikomo cha hisa ambazo mgeni anaweza kumiliki katika mashirika yao. Marekani, kwa mfano, hairuhusu wageni kushika zaidi ya asilimia 25 ya hisa zenye haki ya kura. Kwa kuwa njia ya kuungana na kuwa kampuni moja ilizibwa, mashirika yalichagua kushirikiana huku kila moja likibaki na jina lake na wamiliki wake: Star Alliance ilianzishwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999 na SkyTeam mwaka 2000. Kenya Airways iliingia SkyTeam kama mwanachama kamili mwaka 2010, na Ethiopian Airlines ikajiunga na Star Alliance mwaka uliofuata. Ndani ya muungano, shirika moja huweza kuuza kwa namba yake kiti kilichomo katika ndege ya mwenzake, abiria aliyefikia daraja la juu hupokelewa katika kumbi za mapumziko za wanachama wengine, na maili zilizopatikana kwa mmoja huweza kutumika kwa mwingine, hata safari ya kikazi kati ya Nairobi na Paris ikachangia tiketi ya kwenda Seoul. Alama ambayo zamani ilifaa katika shirika moja tu sasa inakaribia kuwa sarafu.

Katika Uislamu, msingi wa kuliendea jambo hili umo katika hadithi mashuhuri ya Ibn al-Lutbiyya, mkusanyaji wa zaka aliyerudi Madina akatenga sehemu ya mali aliyokuja nayo, akidai kwamba hiyo alizawadiwa yeye. Mtume Muhammad alipanda mimbari na kuhoji kama zawadi hiyo ingemfikia mtu huyo lau angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Kipimo hiki kina nguvu ya pekee, kwa sababu hakiulizi zawadi ilitolewa kwa jina la nani, bali huuliza ni kitu gani kilichoivuta.

Inastaajabisha kwamba sheria ya kiraia ya Ujerumani, iliyokulia katika mazingira mengine kabisa, inafika karibu na hapo, kwa kuwa inamtaka wakala, yaani anayeshughulikia jambo kwa niaba ya mwingine, amkabidhi aliyemtuma kila alichokipata kutokana na shughuli hiyo. Kwa kuegemea kanuni hiyo, Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo iliamua mwaka 2006 kwamba mwajiri ana haki ya kudai maili zilizotokana na safari alizozigharamia zitumike kwa safari za kazi. Miaka minne kabla yake, mwanasiasa Gregor Gysi alikuwa amejiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin kwa kuwa maili za safari zake za kibunge alizitumia kwa safari binafsi.

Marekani ilifuata njia nyingine, kwani sheria iliyotiwa saini Desemba 2001 iliwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili zao, mradi zimepatikana kwa masharti yaleyale wanayopewa watu wote na bila kuiongezea serikali gharama. Hapa kanuni ya amana, yaani kutunza mali ya mwingine kwa niaba yake, haikuvunjwa, kwa maana mwenye mali akiridhia, kupitia wawakilishi wake, kilichokuwa amana hugeuka hiba, yaani zawadi halali.

Wanaomtetea msafiri husema kwamba usingizi uliopotea na siku alizokosa kuwa na watoto wake ni vyake peke yake. Hoja hii ni ya kweli, ila inathibitisha haki ya starehe zinazoisha pamoja na safari yenyewe, kama ukumbi wa mapumziko au foleni fupi, ambazo kwa vyovyote haziwezi kurudishwa kwa mwajiri. Haithibitishi haki ya tiketi inayobaki baada ya uchovu kwisha. Zaidi ya hayo, madhara makubwa hutokea kabla ya ndege kuruka, pale msafiri anapoiacha nauli nafuu ya shirika lililo nje ya muungano wake na kuchagua ya juu ili asikose maili, kwa fedha za walipa kodi au za waumini waliotoa sadaka, watu ambao hawajawahi kuulizwa kama wameridhia.