Riba Haigeuki kwa Kugeuzwa Jina

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, twasikitika kuona ya kuwa kila lizukapo jambo katika mabaraza yetu, haiulizwi dalili yake, bali huulizwa msemaji ni mtoto wa nani na ni wa msikiti gani. Na huku sisi twashindana, makampuni yamekwisha kuingia majumbani mwetu kwa mlango wa simu.

Mnamo Novemba 2012 ulianzishwa hapa Kenya mkopo wa M-Shwari, ukatozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Nyongeza hiyo ikaitwa "ada". Wako miongoni mwetu wasemao: "Hii si riba, ni ujira wa kazi." Nasi twawauliza: kazi ya kukopesha shilingi 1,000 kwa simu na kazi ya kukopesha shilingi 10,000 zina tofauti gani? Mbona yule atozwe 75 na huyu atozwe 750? Lau ungekuwa ni ujira wa kazi, ungelifuata kazi. Lakini wafuata mali iliyokopwa, na hiyo ndiyo riba iliyotengwa na biashara katika Suratul-Baqara, aya ya 275. Na mwenye kukopa 1,000 kila mwezi hulipa 900 kwa mwaka, na elfu yake bado yadaiwa.

Baadhi ya wakopeshaji wa simu walifikia hata kuwatangazia jamaa na marafiki wa mdaiwa deni lake, mpaka kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zikawakataza. Yako wapi haya na aya ya 280, iliyoamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula?

Lakini tusiwalaumu wenye makampuni peke yao. Mwenye kukopa kwa ajili ya dawa ya mtoto ana udhuru wa kusikilizwa. Je, mwenye kukopa kwa ajili ya sare ya harusi, itakayovaliwa usiku mmoja? Na mwenye kukopa ili abadilishe simu ambayo haijaharibika? Huo ni ubadhirifu, na deni si jambo jepesi: Mtume (S.A.W.) alijizuia kumsalia maiti aliyeacha deni bila ya kitu cha kulilipia, mpaka Abu Qatada alipolichukua juu yake.

Basi rai yetu ni hii: kila mtaa na ufanye sanduku la mkopo mwema, usio na nyongeza, liandikwe na kushuhudiwa, na wazee wa harusi wapunguze sare. Mkilifanya hili, hamtakuwa na haja ya kubishana juu ya jina la "ada".

Mwenyezi Mungu atutoshee kwa halali yake tusiihitaji haramu. Amin.