Ngozi na Mifupa ni Mashahidi



Asafiriye kwa gari la moshi kutoka Tabora kwenda Kigoma, akiisha kuipita Kaliua hufika Usinge, katika nchi ya miombo na mizinga. Huko asali haihitaji kusimuliwa. Hurinwa, huliwa, na hupakwa juu ya vidonda. Mwislamu wa nchi hiyo hufurahi asikiapo kwamba Kurani Tukufu, katika Sura iitwayo Nyuki, yafundisha kuwa kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki kina ponya kwa watu. Lakini wako ambao furaha hiyo huwadhuru, nao ndio nitakao kusema nao leo.

Madaktari wameichunguza asali. Kwa wingi wa sukari yake huvinyonya maji vijidudu hata vikafa. Ina ukali wa asidi. Tena ndani yake mna kimeng'enya alichokitia nyuki mwenyewe, ambacho kidondani hutengeneza, kidogo kidogo, haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu bandeji za asali iliyosafishwa kitabibu. Mwaka 2015 wachunguzi wa Cochrane walikusanya majaribio mengi wakasema kuwa asali yaelekea kuponya upesi zaidi majeraha ya moto yasiyozama sana, na vidonda vya upasuaji vilivyoingiwa na vijidudu. Ama kwa vidonda vya namna nyingine, ushahidi hautoshi.

Lizingatie neno hilo la mwisho, wala usidhani kuwa lapingana na Kurani. Neno shifaa katika aya ile limekuja bila "al". Mwenyezi Mungu amesema mna ponya. Hakusema kila ponya imo humo.

Basi mtazame mtu mwenye kidonda mguuni. Hupaka asali, ngozi ikafunga. Baada ya mwezi hufumuka pale pale na kutoa usaha. Hupaka tena. Pengine maradhi hayamo katika ngozi hata kidogo, bali mfupa ulio chini yake ndio unaooza, na hasa kama mtu huyo ana kisukari. Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walieleza njia nyepesi ya kuutambua ugonjwa huo kwa wenye kisukari: kijiti safi cha chuma huingizwa polepole kidondani, na kikigonga mfupa, hushukiwa kuwa mfupa umeambukizwa. Iko pia picha ya eksirei, iliyovumbuliwa na Röntgen mwaka 1895. Lakini siku za mwanzo picha yaweza kuonyesha mfupa mzima, kwani dalili huchukua kama majuma mawili kudhihiri. Kwa hiyo uambiwapo urudi kupigwa picha ya pili, usiseme daktari hajui kazi yake.

Kurani Tukufu yatufundisha kuwa siku ya Kiyama ngozi za watu zitawashuhudia. Ngozi itakayosema huko, hapa nayo haikunyamaza. Kidonda kinachofumuka mara tatu kinatoa ushahidi. Na akifunikaye kwa asali tu anamziba shahidi kinywa.

Na mfupa ni shahidi asiyesahau. Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone, uliokaushwa juani, wakapita nao Unyanyembe, hapo Tabora, kwa njia ya misafara hata Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874 uso haukutambulikana. Daktari Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844 na usiunge sawasawa. Miaka thelathini mfupa ulikuwa umeitunza habari hiyo. Wenye kuuliza ni nani atakayeihuisha mifupa iliyooza, na walitafakari hilo.

Huenda mchunguzi wa dini akauliza: je, kwenda hospitali si upungufu wa tawakali? Tazama vita vya Uhud. Mtume Mtukufu s.a.w. alijeruhiwa usoni. Bibi Fatima r.a. akaiosha damu, na Sayidna Ali r.a. akamimina maji. Walipoona maji yazidisha damu, hawakuyang'ang'ania. Bibi Fatima alichoma kipande cha mkeka, akaubandika majivu yake, damu ikakatika. Tena Mtume s.a.w. alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Kwa hiyo wewe uliye Usinge, ambaye kidonda chako hakifungi kwa majuma kadhaa, au kinafunga na kufumuka, au una homa na mfupa unauma usiku, panda gari uende Kitete, Tabora. Omba dua njiani. Ukifika mwambie daktari bila haya kuwa ulipaka asali, ni asali ya namna gani, na tangu lini. Naye atakuambia kama uendelee nayo.